Kengele Isiyolia

Kila jioni, akimaliza kuosha vyombo, Hafidha aliazima simu ya mama yake na kufungua kundi la WhatsApp la klabu ya kompyuta ya shule. Siku hizi alilifungua kwa uchovu. Ugomvi ulikuwa uleule.

Klabu ilikuwa imetengeneza kengele ya maji. Bomba la shule, lililotoka upande wa milimani, lilileta maji kwa mgao, bila saa maalumu. Kengele ingelia maji yakifika, ili mpishi, Bi Mwanaheri, awahi kuwasha pampu ya tangi badala ya kutwa kwenda kuchungulia koki.

Ndani ya programu, nguvu ya maji kwenye bomba ilihitaji jina. Hafidha aliandika "kanieneo", kama ilivyo kwenye kitabu cha sayansi. Luqmani, mwenzake wa klabu, akataka "msukumo".

"Nani mtaani anasema kanieneo?" aliandika Luqmani.

"Hapa shule, si kijiweni!" alijibu Hafidha.

Zikafuata sauti zilizorekodiwa, picha za kamusi na vibonzo vya kucheka. Mwishowe kila mmoja wa hao wawili aliweka neno lake kwenye sehemu yake ya programu, kimyakimya. Hakuna aliyeijaribu tena.

Jumatatu maji yalikuja, yakakatika. Kengele haikulia. Bi Mwanaheri, aliyekuwa ameiamini, alikuwa akikoroga maharage. Mchana Hafidha alimkuta amekaa juu ya ndoo tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimechoka hata kusema. Itabidi nikachote mtoni."

Hafidha aliona aibu kweli. Akamwita Luqmani, wakachukua ndoo na kwenda naye. Waliporudi, mabega yakiwauma, waliifungua programu. Sehemu moja ilipima msukumo. Nyingine, ya kuliza kengele, ilisubiri kanieneo, jina ambalo halikuletwa kamwe.

"Weka neno lako," Hafidha alisema. "Ila liwe lilelile kila mahali."

"Samahani," Luqmani alijibu. "Nilitaka kushinda tu."

Alhamisi kengele ililia. Bi Mwanaheri alitoka mbio, mwiko mkononi, akawasha pampu. Wanafunzi walishangilia. Mwalimu Yeremia, mlezi wa klabu, alisubiri wanyamaze.

"Kubishana kuhusu maneno si kosa," alisema taratibu. "Lakini jina tunalitafuta ili tuelewane. Mkishaona mnataka ushindi tu, wekeni simu chini, mkumbuke anayesubiri maji."

Jioni ile, kundi lilikuwa kimya. Hafidha alimrudishia mama simu yake mapema, akaenda kulala.