Aliniuliza Ni Maji Gani, Nikamdanganya

Nina miaka arobaini na sita, mkulima wa kahawa hapa Mkumbi, mama wa watoto wanne na mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Watu hunijia kwa sababu napenda kuelekeza. Hili ninaloandika sijawahi kulisema hadharani... Nimelibeba mwaka mzima.

Mdogo wangu, nimwite Agata, aliolewa Mbaha, kule ziwani. Mumewe alipofariki, akawa anakausha samaki kwa moshi ili amlee binti yake, Tulia. Moshi ule na pumu aliyokuwa nayo tangu utoto havikupatana. Nikamwambia apande huku milimani, nitamtunza mwenyewe. Akaja na binti na begi moja.

Hospitalini walimpa mashine ya kuvuta dawa, ile wanayoiita nebulaiza. Muuguzi alitufundisha bila haraka: mgonjwa akae wima, dawa imiminwe kwenye kikombe kidogo pamoja na maji maalumu ya chumvi yaliyofungwa kiwandani kwenye vichupa vidogo, barakoa ikae vizuri usoni, avute taratibu mpaka mvuke uishe. Kisha kikombe kioshwe na kikauke kabisa.

"Maji mengine yoyote hapana," alisisitiza. "Hata ya kunywa."

Nilielewa upesi, nikajivuna! Wanajumuiya wakija kumwona Agata, nawaonyesha kila hatua. Shemeji yangu akanitania, "Haya, daktari wa kahawa!" Agata akacheka ndani ya barakoa, mvuke ukamtoka pembeni kama sufuria ya maharage.

Mwezi wa sita kahawa iliiva kwa mkupuo. Wakulima wenzangu mnajua: ukichuma leo, umenye leo, la sivyo inachacha. Asubuhi moja nikafungua kasha... dawa ipo, maji ya chumvi yameisha. Zahanati hawakuwa nayo. Ni mpaka Mbinga mjini. Na shambani vibarua walikwisha kuanza kuchuma, huku kifua cha Agata kikipiga filimbi.

Nyuma ya picha ya Bikira Maria huwa naweka chupa ya maji ya baraka, niliyochota kanisani tangu Pasaka. Nikawaza, maji yaliyobarikiwa yatamdhuru nani? Nikayamimina kwenye kikombe.

Agata alikuwa ananitazama. "Dada, hayo ni maji gani?"

"Ya hospitali. Vuta, mdogo wangu."

Akavuta... Aliniamini! Alikohoa mno, akasema leo yanamwasha kifuani. Nikamjibu ni baridi ya milima yetu ya Umatengo, atazoea. Kwa siku nne, asubuhi na jioni, nilimwekea maji yale. Wala kikombe sikukikausha. Nilikuwa nakimbilia shamba.

Siku ya tano akapandwa na homa, makohozi yakawa ya kijani. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza tulikuwa tunachanganya dawa na maji gani. Kabla sijafungua mdomo, Agata akajibu kwa pumzi za kukatika: "Ya hospitali... Dada ndiye ananiwekea." Akanishika mkono.

Nami nikanyamaza. Ningeanzaje? Mwenyekiti mzima, mwelekezaji wa wengine! Nilinyamaza siku mbili, nikimpepea, nikimlisha uji, nikisali rozari mbele yake.

Siku ya tatu nilimfuata daktari koridoni, nikamweleza nikilia. Hakunigombeza. Alisema maji ya kunywa hupita tumboni, na tumbo lina ulinzi wake. Lakini mashine ile huyageuza maji kuwa ukungu na kuyafikisha chini kabisa ya mapafu, pamoja na vijidudu vyake vyote. Akabadilisha dawa saa ile ile.

"Ungeniambia juzi, mama," akasema. Hayo tu.

Agata alifariki Ijumaa ya wiki hiyo, mchana, Tulia akiwa shuleni. Sikuwahi kumwomba msamaha. Je, alijua? Sitajua kamwe...

Paroko aliniambia baraka haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyeitumia kukwepa safari, kisha nikadanganya. Niliungama. Lakini mpaka leo, mashine ya kumenyea kahawa ikianza kunguruma, ndani yake nasikia ile nyingine, ndogo, na pumzi ya mdogo wangu ikivuta nilichomwekea.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Kama nyumbani kuna mashine hii, msibuni. Hesabuni vichupa vya maji kabla havijaisha. Vikiisha, ulizeni wahudumu wa afya. Mgonjwa akizidi kubanwa, mpelekeni hospitali, acheni kahawa ichache. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Inawezekana kabisa kufanya vizuri, hata kwa sisi wa vijijini. Mimi nilifundishwa, nikaelewa, na nikaweza... mpaka asubuhi ile.

Tulia naishi naye. Ana miaka kumi, na pumu ya mama yake imemfuata. Tulipewa kikombe kipya na barakoa mpya. Kifua kikimbana, anakaa wima mwenyewe, ananitazama, na kila mara anauliza kwa sauti ile ile ya marehemu:

"Mama mkubwa, hayo ni maji gani?"

Hakuna aliyemwambia kitu. Nampa kichupa kikiwa bado kimefungwa, akivunje kwa mkono wake.