Barua ya Matanga ya Mzee Nisiyemjua

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, sina wa kumsingizia.

Mimi ni karani wa shule ya wasichana hapa Kumasi. Alhamisi nilikuta tangazo la matanga kwenye barua pepe za shule: picha ya mzee na jina la ukoo wangu. Nani kwetu anapuuza matanga, kisha ukoo umuulize alikuwa wapi? Nikalifungua. Mzee mwenyewe simjui. Nikaenda zangu kula kenkey, sanduku la barua nimeliacha wazi.

Jumamosi wasichana walitakiwa kukutana shuleni kwa safari. Saa moja asubuhi walikuwepo wanne tu kati ya kumi na sita, na binti yangu Dufie hayumo. Nikampigia simu mke wangu, Serwaa.

"Dufie yuko wapi?"

"Si nimemwacha kituo cha zamani cha malori? Jana uliandika basi jeupe litawachukua huko."

"Mimi? Sijaandika!"

"Baba Dufie, barua imetoka kwako!"

"Rudi! Kimbia! Mtoto asipande gari lolote!"

Nikawapigia polisi, kisha wazazi mmoja mmoja. Madam Esinam, fundi wa kompyuta wa jirani niliyemwita, akaingia mbio.

"Ulibonyeza nini?"

"Sikubonyeza kitu. Nilifungua tangazo la matanga tu."

"Nyie Waashanti wa Kumasi! Mtu akifa, hata kompyuta yenu inavaa nyeusi." Hakucheka. "Kufungua kulitosha. Ndani ya barua kulifichwa amri. Programu nzuri ya barua huzionyesha kama maneno matupu, hazifanyi kitu. Yenu ni ya zamani, ina tundu. Kompyuta ikadhani amri ni za programu yenyewe, ikazitii kwa jina lako."

"Lakini neno la siri sijampa mtu!"

"La nini? Ulishamfungulia mlango."

Simu ikalia. Serwaa alikuwa anahema. "Ninao wote kumi na wawili. Basi limetimua mbio!"

Nikawapigia tena wazazi, niwaambie watoto wako salama.

Esinam akamtoa kila aliyekuwa ndani ya sanduku letu. Akakuta nakala za barua zetu zinakwenda kwa mgeni, akaukata mfereji huo. Akabadilisha neno la siri, akaweka toleo jipya la programu.

"Ukimaliza kazi, toka kwenye sanduku la barua. Na barua ikihamisha watoto, mzazi apige simu kwanza."

Jumatano likaja tangazo jingine. Safari hii amri zake zilionekana pale chini, zimelala kama nzi waliokufa.

Kwenye kikao cha wazazi, Esinam alipotaka programu ipewe toleo jipya kila mwezi, Mwalimu Mkuu akanung'unika. "Kila mwezi tufunge ofisi tuweke toleo jipya? Programu ile imetutumikia miaka sita!"

Serwaa akasimama. "Mwalimu, binti yangu alishaweka mguu mmoja ndani ya basi. Wa pili ulitaka auweke mwezi gani?"