Orodha ya Saa Kumi na Mbili

Kila Jumanne alfajiri, wakati watoto wengine wa mji wa Brunnfors wakikoroma, Hillevi Norling alikuwa njiani, begi mgongoni na gongo begani, theluji ikilia chini ya buti zake. Mbele yake paa la ukumbi wa michezo lilionekana kwa taa zake. Ukumbi huo ungeweza kumeza kanisa na shule yao, na nafasi ikabaki. Ndani yake mlikuwa na uwanja mzima wa barafu, na hapo timu yake ya wasichana ilicheza bandi, ikiteleza kwa viatu vyenye vyuma na kukimbiza mpira mdogo kwa magongo.

Hillevi alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa nahodha, na alikuwa na hasira. Wavulana wa rika lake walipewa saa kumi na moja jioni. Wasichana walitupiwa saa kumi na mbili asubuhi. Kisha uongozi wa klabu ukabandika tangazo: timu itakayoleta mazoezini wachezaji chini ya kumi na watano itatolewa ukumbini, ikafanye mazoezi ziwani. Na ziwa lenyewe mwaka huo liliganda nusunusu, hata mbwa hawakuthubutu kulikanyaga.

"Vipi, makuku?" Melker, nahodha wa wavulana, alimtania shuleni Jumatatu moja. "Kesho tena mnawika?"

"Anayewika ni jogoo, Melker. Hata hilo hujui?"

Waliosikia walicheka, lakini Hillevi hakucheka.

Kesho yake alfajiri, alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, aliwahesabu wenzake. Walikuwa kumi na wawili, macho mazito kwa usingizi. Mwenzao Juni alikuwa na homa, na Tindra na Alva walikuwa wamekosa usafiri, kama kawaida. Marit, kocha wao, alikuwa amepiga magoti akiwafunga wale wadogo kamba za viatu, kwa hiyo kazi ya kujaza orodha iliyoning'inia mlangoni ilikuwa ya nahodha. Hillevi akaweka alama kumi na mbili kwenye visanduku vilivyo kando ya majina. Akatazama nyuma, akaongeza tatu.

Majken, rafiki yake, alimwona. "We Hillevi! Juni yuko kitandani."

"Najua aliko."

"Sasa mbona umemwandika?"

"Unataka twende ziwani tukazame? Basi nyamaza." Alikuwa akifanya hivyo tangu Oktoba, na hakuona aibu hata kidogo. Waliowaamsha usiku wa manane ndio wenye makosa, alijiambia, si yeye.

Walikuwa wamecheza robo saa tu king'ora kilipolia. Mwanzoni walidhani ni jaribio. Kisha harufu kali ikawachoma puani, na Marit akapiga filimbi kwa nguvu zake zote. Bomba la gesi yenye sumu inayogandisha barafu lilikuwa limepasuka. "Nje! Acheni kila kitu, nje!"

Wakavua viatu vya vyuma ukingoni, wakatoka kwa mlango wa dharura, wakasimama kwenye maegesho na soksi tu miguuni, wakitetemeka kwa baridi. Torvald, mtunzaji wa ukumbi, alitoka wa mwisho akiwa na ile orodha mkononi. Kila king'ora kilipolia, ilikuwa kazi yake kuhesabu watu kwa karatasi hiyo. Alihesabu vichwa mara moja, kisha mara ya pili.

"Kumi na wawili," alisema. "Hapa pameandikwa kumi na watano. Juni yuko wapi? Tindra? Alva?"

Majken alimtazama Hillevi. Hillevi alitazama theluji. Alijua la kusema, ila kabla hajalisema Torvald alikuwa amejifunga skafu usoni na kurudi ndani mbio.

"Torvald, subiri zimamoto!" Marit alipiga kelele. Torvald hakusikia.

Hapo Hillevi akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alikimbilia mlangoni, Marit akamdaka kiuno, naye akapayuka kwa sauti iliyozunguka ukumbi wote: "Torvald! Rudi! Hawamo! Niliwaandika mimi! Ni uongo wangu, rudi!"

Ilipita dakika nzima, na ilikuwa ndefu. Kisha Torvald akatokea akikohoa, machozi yakimtiririka, akaanguka kwa magoti kwenye theluji.

"Hawamo?" aliuliza.

"Wako nyumbani," Hillevi alisema huku akilia. "Nisamehe."

Torvald alilala hospitali siku mbili. Alipotoka, uongozi wa klabu ulimwita Hillevi kwenye mkahawa wa ukumbi. Alikuja na mama yake, lakini alikataa kusemewa. Mwenyekiti, Roland, aliweka orodha za miezi minne mezani.

"Unahodha umekwisha," alisema. "Ni haki?"

"Ni haki. Mpeni Majken."

"Ajabu ni kwamba nilikuwa nimeshawaambia wenzangu saa ya asubuhi inawafaa wasichana. Kila Jumanne kumi na watano, bila kukosa! Tulishaamua mbaki nayo mwaka ujao."

Damu ikampanda Hillevi, akasimama na kugonga meza hadi vikombe vya kahawa vikaruka.

"Nimedanganya, nimekubali, na adhabu nimepokea. Lakini saa hiyo ni ya dhuluma, na sitaacha kusema hivyo! Mnasema inatufaa. Waleteni wavulana saa kumi na mbili asubuhi tuone watakuja wangapi!"

"Hillevi, kaa," mama yake alinong'ona.

"Sikai, mama. Wanijibu kwanza."

Torvald, aliyekuwa ameketi pembeni, sauti ikiwa bado inakwaruza, akasema, "Mtoto ameuliza swali. Tubadilishane kwa wiki nne. Orodha nitajaza mimi."

Wakabadilishana. Jumanne ya kwanza walikuja wavulana kumi na saba. Ya pili, kumi na watatu. Ya nne walikuja wanane, na Melker alikuwa akipiga miayo mpaka mpira ukampita miguuni. Jioni, kwa upande wa wasichana, Juni, Tindra na Alva hawakukosa hata mara moja, na wasichana wengine watano wakajiunga. Roland alisoma orodha za Torvald za timu zote mbili, akakuna kichwa, na tangu siku hiyo timu zikagawana jioni na asubuhi kwa zamu. Tangazo la kumi na watano likabanduliwa.

Hillevi alimkuta Torvald akisafisha mashine ya kulainisha barafu. "Tumeshinda," alisema.

"Mmeshinda. Ila mngeweza kushinda tangu Oktoba." Torvald alifuta mikono yake. "Unajua ni nini kingewatetea? Ni vile visanduku vitupu. Kila mtu angeviona, angeuliza wasichana wamekwenda wapi. Wewe ukavijaza, ukaficha dhuluma uliyokuwa unaipigania."

Hillevi aliinamisha kichwa.

"Inua uso, sikugombezi kwa kugonga meza. Ukionewa, gonga hata milango. Lakini nenda na ukweli mtupu, hata kama unaonekana mdogo. Mimi niliingia kwenye gesi ile kuwatafuta watoto watatu, Hillevi. Ningeweza kufia mle nikiwaita kwa majina, na mle hamkuwa na mtu."