Mgeni wa Nyanya Kadija

Kila asubuhi Khamisa alibeba ndoo mbili za maji, na kila asubuhi Nuru alitembea kando yake mikono mitupu. Si kwamba Nuru alikuwa mvivu. Nyanya Kadija ndiye aliyekataza.

"Mgeni habebi maji katika nyumba yangu," Nyanya alisema, na akishasema Nyanya, mtaa mzima wa Bondeni ulijua kwamba mjadala umefungwa.

Basi wasichana hao walirudi kutoka bombani, mmoja akihema na mwingine akiona haya. Walipofika nyuma ya ghala la mahindi, ambapo hakuna mtu wa kuwaona, Nuru alimpokonya Khamisa ndoo moja akaibeba mpaka karibu na mlango, kisha akamrudishia. Hiyo ilikuwa siri yao ndogo.

Siri kubwa ilikuwa nyingine. Nuru hakuwa Nuru. Jina lake hasa lilikuwa Njoki, na mama yake, ambaye majirani walimwita Mama Nuru, alikuwa Wawira. Walikuwa Wakikuyu wa mashamba ya Njoro, karibu na Nakuru. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, Thuo, baba yake Njoki, alikamatwa akawekwa kizuizini. Wawira na mwanawe walipakiwa kwenye lori pamoja na familia nyingine, wakapelekwa mbali katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Huko wanawake walilazimishwa kuchimba tangu alfajiri, na aliyechoka alipigwa. Wawira alivumilia kwa miaka, mpaka siku aliyoona Njoki naye amekabidhiwa jembe. Wiki ile ile wakatoroka.

Walifika Nakuru wakati wa mvua za masika, mwaka wa 1958, miguu imevimba. Walibisha hodi kwenye mlango wa kwanza waliouona wazi. Ulikuwa mlango wa Nyanya Kadija, muuza mandazi, aliyekuwa akiishi na mjukuu wake Khamisa. Nyanya aliwapa uji, akawapa kanga za kujitanda, akawapa na majina.

"Mtu akiwauliza, nyinyi ni wageni wangu. Basi! Mgeni haulizwi maswali mengi," alisema. "Na wewe Khamisa, umesikia?"

"Nimesikia, Nyanya."

Khamisa alilishika neno hilo. Askari akipita na kuuliza, "Yule msichana ni nani?" alijibu haraka, "Ni Nuru, mgeni wetu." Kila aliposema hivyo alitazama chini, maana mwalimu alikuwa amemfundisha kusema kweli na Nyanya mwenyewe alimfundisha vivyo hivyo. Lakini alimpenda Njoki, na hakutaka lori lije kumchukua.

Nyanya naye hakufanya mchezo na ugeni. Wawira alipewa chai katika kikombe chenye maua, kile ambacho Khamisa alikuwa hajawahi hata kukigusa. Akishika chombo akioshe, Nyanya alimnyang'anya.

"Mama, nikae tu kama picha ukutani?" Wawira alilalamika siku moja.

"Kaa! Hata picha hupendeza," Nyanya akamjibu, wakacheka.

Mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, Mwalimu Hiram aliwaambia wanafunzi wa darasa la Khamisa habari mpya. Kamati ya Baraza la Kutunga Sheria ingefika Nakuru. Ingesikiliza maneno ya wananchi kuhusu watu waliohamishwa kwa malori wakarudi mjini bila ruhusa. Je, wapewe ruhusa ya kukaa, au warudishwe walikopelekwa?

"Kamati ni nini, mwalimu?" Khamisa aliuliza.

"Ni watu wachache wanaotumwa na Baraza kwenda kuuliza na kusikiliza. Sheria ni chakula, Khamisa. Kabla haijaletwa mezani inapikwa jikoni, na kamati ndiyo jiko. Ukitaka chumvi iongezwe, sema wakati chungu bado kiko motoni. Chakula kikishaandaliwa, utakila tu kilivyo."

Khamisa alikimbia nyumbani na maneno hayo yote kichwani. Wawira aliposikia, alisimama.

"Nitakwenda," alisema. "Nimechoka kujificha. Nitawaambia mwenyewe yaliyonipata."

"Wee! Una wazimu?" Nyanya alimaka. "Ukitaja jina lako tu, watakupandisha lori papo hapo. Utakwenda kwa nani kule? Na Thuo akitoka kizuizini atawatafuta wapi?"

"Ndiyo maana nataka kusema, Mama. Alituambia tumngojee Nakuru. Nitangoja mpaka lini nikiwa nimejifunika uso?"

Nyanya alitikisa kichwa. "Nitakwenda mimi. Nitawaambia una adabu na ni mgeni wangu. Nani atamfukuza mgeni wa mtu?"

Wawira aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini Khamisa alimwona akikaza kanga yake kiunoni, kama mtu anayejiandaa kwa kazi nzito.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa pomoni. Wanakamati walikaa mbele nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mzungu mrefu, aliyejivunia sana Kiswahili chake cha shambani, kile cha kuamrisha wapishi. Kando yake alikaa Bwana Khisa, Mwafrika pekee katika kamati ile, aliyesikiliza zaidi ya alivyozungumza. Askari alisimama mlangoni. Nyanya alikaa safu ya mbele pamoja na Khamisa. Wawira na Njoki walikaa nyuma kabisa, wamejitanda.

Nyanya alipoitwa, alisimama kwa madaha.

"Mama, iko mtu ya lori nyumba yako?" mwenyekiti aliuliza.

"Niko na mgeni, bwana," Nyanya alijibu. "Mama mmoja na mtoto wake. Hawana neno na mtu."

"Mgeni?"

"Ndiyo! Mgeni wangu," Nyanya alisema kwa fahari.

Mwenyekiti aliwageukia wenzake akasema jambo kwa Kiingereza, na karani akaandika. Kisha akamtazama Nyanya tena.

"Basi, maneno kwisha. Mgeni iko na kwao. Lori tapeleka yeye kwao."

"Lori?" Nyanya alishtuka. "Lori gani tena? Nimekwambia ni mgeni!"

"Ndiyo. Mimi nasikia mzuri. Mgeni."

Watu wengine waliangua kicheko, lakini kicheko hicho kilikatika upesi. Nyanya aliketi polepole. Katika nyumba yake mgeni alikuwa mtu wa kupewa kikombe kizuri na blanketi la kwanza. Katika ile meza ndefu mgeni alikuwa mtu asiye wa hapa, wa kurudishwa alikotoka. Neno lilikuwa lile lile moja.

Khamisa aliyarudia maneno ya mwenyekiti. Mgeni ana kwao, alijiambia. Na Njoki je, kwao ni wapi? Aligeuka akamwona rafiki yake amejikunyata nyuma, analia kimyakimya. Aliogopa askari, aliogopa mzungu, na zaidi ya wote alimwogopa Nyanya. Hata hivyo akasimama.

"Bwana, yule si mgeni."

"Khamisa!" Nyanya alifoka. "Kaa chini!"

Khamisa hakukaa.

"Nisamehe, Nyanya. Bwana, hata mimi nimesema ni mgeni. Nimesema hivyo mbele ya askari, na nimemwita Nuru. Haikuwa kweli. Jina lake ni Njoki. Alizaliwa pale Njoro. Mkimpeleka kwao, mpelekeni Njoro, maana hana kwao kwingine!"

Askari wa mlangoni alipiga hatua moja mbele. Hapo Wawira akainuka, akaiondoa kanga kichwani, akaja mbele amemshika Njoki mkono.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Mimi ni Wawira, mke wa Thuo. Baba yangu alikamua ng'ombe Njoro mpaka akafa, na amezikwa huko huko. Mimi nilizaliwa huko, nikaolewa huko, na huyu nikamzaa huko. Mlinipakia kwenye lori mkasema narudi kwetu. Kwetu gani? Huko ndiko nilikokuwa mgeni, na sikukaribishwa. Nilichimbishwa handaki, nikapigwa. Mwanangu alipopewa jembe, nikatoroka. Kama kutoroka ni kosa, niandikeni. Lakini muandike na kipigo."

Kalamu ya karani ilisimama. Mwenyekiti alikunja uso.

"Nyinyi nadanganya askari. Hiyo iko mbaya sana," alisema.

"Ni vibaya, kweli," Bwana Khisa alisema kwa utaratibu. "Lakini mwenyekiti, tangu asubuhi watu wametuambia yale waliyodhani tunataka kusikia. Huyu mama ndiye wa kwanza kutuambia yaliyompata. Akipakiwa lorini kwa sababu amesema mbele yetu, nani atasimama tena? Tutarudi Nairobi mikono mitupu. Naomba neno 'mgeni' lifutwe, yaandikwe maneno yake mwenyewe. Na yeyote anayesema hapa asiguswe mpaka Baraza liamue."

Walinong'onezana kwa muda. Khamisa alimshika Njoki mkono wa pili, akaubana. Mwishowe mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akamfanyia askari ishara arudi mlangoni.

Hapo mzee mmoja mchoma makaa akainuka polepole. Mtaani walimwita Juma.

"Bwana, hata mimi si Juma," alisema. "Mimi ni Kahiga."

Safari hii kicheko kilipoanza hakikukatika. Baada yake alisimama mwingine, kisha mwingine, kila mmoja na jina lake, na karani akaomba karatasi zaidi.

Njiani kurudi nyumbani Nyanya alitangulia mbele peke yake, na Khamisa alijua hiyo ni ishara mbaya. Kwa siku kadhaa alijibiwa kwa mkato. Hata mandazi yaliyoungua alipewa yeye.

Ikapita miezi ya kungoja. Kila lori lililonguruma barabarani liliwafanya wote wanyamaze. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Mwalimu Hiram alipokuja mwenyewe Bondeni, viatu vimejaa matope, na habari kwamba Baraza limekubali. Waliozaliwa katika mashamba ya wilaya hii, na wenye mtu wa kuwadhamini, wangepewa ruhusa ya kukaa. Si wote waliopata. Mzee Kahiga aliambiwa angoje, akaendelea kwenda ofisini kila Jumatatu na kusema jina lake kwa sauti. Lakini Wawira alipata ruhusa yake, sasa angemngojea Thuo bila kujifunika uso, na Nyanya Kadija ndiye aliyetia kidole gumba kuwa mdhamini.

Jioni ile Nyanya alipika chai. Khamisa alitoa kikombe chenye maua ampelekee Wawira, kama desturi. Nyanya akakichukua, akajimiminia chai yake mwenyewe, akanywa. Wote wakamkodolea macho.

"Mnashangaa nini? Leo hakuna mgeni hapa," alisema. Kisha akakiweka kikombe chini. "Khamisa, njoo. Nilikukasirikia, na sikuwa na haki. Nilikufundisha kusema kweli, kisha nikakupa uongo uubebe pamoja na zile ndoo. Nilidhani neno lile linawafunika. Kumbe ndilo lilikuwa linawafukuza!"

"Niliogopa sana, Nyanya."

"Najua. Nami niliogopa, ndiyo maana nikadanganya. Shika hili mjukuu wangu, na wewe Njoki: mtu unayempenda usimsemee uongo ukadhani unamlinda. Mtaje kwa jina lake, sema ukweli wake, kisha simama naye hapo hapo ulipousema. Uliposimama pale ukumbini ndipo na wengine walipopata pa kusimama."

Wawira alifuta macho kwa pembe ya kanga. Njoki alikuwa ameegemea mlango, akitabasamu.

"Na wewe Njoki!" Nyanya alifoka ghafla. "Unasimama hapo kama nguzo? Maji yamekwisha. Ile ndoo inamngoja nani?"

Njoki aliruka akaichukua, huku akicheka na machozi yakimtoka. Khamisa akachukua ya pili. Walikwenda bombani wakipitia katikati ya mtaa, na walipokuwa wakirudi na maji walipita mbele ya ghala la mahindi, kila mtu akiwaona.