Blanketi la Nyuma ya Mlango

Mafundi wa cherehani wa karibu na kituo kikuu cha magari pale Maseru walizoea kusema kwamba pua ya binti mwenzao, Lisebo, ina mdomo wake. Akinusa kitu, lazima aseme. Kuna mteja alikuja kupimwa gauni la kitambaa cha seshoeshoe, Lisebo akamwambia kwamba kwake kabichi imeungua, na mteja hakurudi tena. Kwa hiyo asubuhi ile ya baridi, kwenye foleni ya makoenya, maandazi ya asubuhi, watu wakisukumana na mafuta yakichemka, wenzake hawakushangaa alipomgeukia kijana mrefu aliyesimama nyuma yake.

"Abuti, jua lenyewe halijapanda, wewe tayari umeshavuta?"

Foleni nzima ikacheka. Kijana alivaa koti la kijivu lililopigwa pasi na viatu vilivyong'aa, na kofia yake ya sufu ameishika mkononi utadhani yuko mbele ya wakwe. Hakukasirika.

"Sijavuta, ausi. Sijawahi. Hii ni kazi."

"Kazi ya kuvuta?"

"Ya kukausha. Niko kule kwenye mabanda yenye kibali cha kulima bangi ya dawa. Tunaoga tukiingia, tunaoga tukitoka, nguo tunaziacha hukohuko. Lakini lile jani lina utomvu, linaganda kwenye nywele. Ukinitajia sabuni inayoliweza, nakununulia makoenya mpaka uzeeke."

"Utafilisika. Mimi nakula."

"Basi tuanze na ya leo."

Jina lake lilikuwa Tefo. Alitoka milimani, Mokhotlong, ambako bibi yake alipanda bangi katikati ya mahindi na kuwachemshia majani farasi wenye minyoo. Huko lile jani liliitwa matekoane, na halikuwa habari. Mjini ndiko alikojifunza kwamba kazi yake haitajwi mezani.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu. Lisebo akifunga cherehani jioni, hata kabla hajavua tepu shingoni, alikuwa ameshapiga.

"Leo umekausha nini, daktari wangu wa majani?"

"Maua ya watu nisiowajua, moyo wangu. Na wametusomesha tena. Kuna watoto wenye kifafa ambao dawa nyingine zimewashinda, wanapewa mafuta yake kwa matone. Kuna wanaotibiwa saratani na hawaachi kutapika. Wengine misuli imekakamaa, wengine wana maumivu ya mishipa ya fahamu."

"Yaani inaponya kila kitu."

"Haiponyi kila kitu. Wanaosema hivyo wanatia chumvi. Kuna watu inawapunguzia makali wakalala, basi."

"Watu gani? Mbona mimi sijawaona?"

"Wa ng'ambo. Yote inapanda ndege. Wa hapa nyumbani anaivuta kwa kujificha."

Lisebo alicheka, kisha akabadilisha mazungumzo, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Baba yake, Ntate Moeketsi, alikuwa mzee wa kanisa. Tangu jiwe limvunje mguu kwenye machimbo ya dhahabu kule Welkom, alitembea kwa fimbo na kuhubiri kwa sauti. Mahubiri yake kuhusu vijana, yaanzie kwa Adamu au kwa Yona, yaliishia kwenye bangi. Ndiyo maana alipoulizwa mchumba anafanya kazi gani, Lisebo alijibu, macho makavu, kwamba yuko kwenye kampuni ya maziwa.

"Maziwa?" Tefo aliuliza kwenye simu.

"Ni kwa siku hiyo tu, wangu. Wakuone, wakuzoee, wajomba zako waje kuzungumza ng'ombe wa mahari. Tutasema baadaye."

"Unanionea aibu, Lisebo."

"Sikuonei aibu. Naogopa tu."

Lisebo akazungusha tepu kidoleni.

"Kidogo," Lisebo akakiri. "Nakuonea aibu kidogo. Nisamehe. Ila njoo bila ile harufu, nakuomba. Hicho tu."

Tefo akachukua likizo wiki nzima asikanyage mabandani. Akanyoa nywele zake nzuri, akabaki kipara. Lisebo alipomwona alicheka mpaka akakaa chini, kisha akambusu utosini na kumnusa. Alinukia sabuni ya kipande, basi. Angekumbuka hilo, hadithi hii ingekuwa fupi.

Siku ya kutambulishwa mvua ilimkuta Tefo njiani. Alifika na blanketi jipya la rangi ya damu ya mzee, limelowa chapachapa, maji yakimchuruzika mpaka kwenye soksi. Mama yake Lisebo alilipokea akalitundika barazani. Lakini kijana haketi mbele ya wakwe mabega wazi, na mama, kwa haraka ya mwenye wageni, akachukua blanketi la mumewe lililoning'inia nyuma ya mlango, akamfunika Tefo, akambana pini begani. Ukishafunikwa hivyo na mwenye nyumba, hulivui mpaka uage. Kulivua ni kumtukana.

Ntate Moeketsi akatoka chumbani akichechemea, suti ya kanisani, tai shingoni. Alipomwona mgeni alisimama ghafla, akashika ukuta. Lisebo alidhani ni mguu.

Mambo yalianza vizuri. Tefo aliamkia kila mtu kwa heshima yake, akala ugali na nyama ya kondoo, akasifu mboga. Hita ya mafuta ya taa ikapasha chumba moto. Hapo ndipo shangazi Mamosa, dada mkubwa wa Ntate Moeketsi, mwanamke ambaye hata kuku walimwogopa, alipoweka kijiko chini.

"Kuna nini humu?"

Akanusa kushoto, akanusa kulia, akamwinamia mgeni.

"Hii ni matekoane. Kijana, hao ng'ombe wako wa maziwa wanalishwa nini?"

Lisebo naye alikuwa ameshainusa. Ilikuwa ileile ya kwenye foleni, nzito, inapanda kutoka begani kwa mpenzi wake. Aliwaza kwamba amemwomba kitu kimoja tu na hakukipata, na akatamani sakafu ipasuke.

"Wewe ulijua?" shangazi akamgeukia. "Umetuletea mvuta bangi ukijua?"

Angeweza kusema ukweli. Ulikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Sikujua, shangazi," alisema Lisebo. "Aliniambia ni maziwa."

Tefo alimtazama. Kisha akainamisha kidevu taratibu, akanusa bega la blanketi alilofunikwa, na akayainua macho kwa Ntate Moeketsi. Mzee alikuwa anatazama zulia. Lisebo hakuelewa chochote kwa sababu hasira ilimziba.

Tefo akasimama, akafungua pini, akalikunja blanketi vizuri na kuliweka kwenye kiti kwa mikono miwili.

"Nisameheni, wazee wangu. Nimeleta harufu mbaya nyumbani kwenu."

Akachukua lake barazani, lingali linadondosha maji, akatoka nalo mvuani. Jioni ile alipiga simu, Lisebo hakupokea. Hakupiga tena.

Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, Lisebo alikuwa bado anashona magauni ya harusi za watu na kuwakaripia wateja bila sababu. Alikuwa na chumba chake cha kupanga mjini, nyumbani alikwenda Jumapili tu. Jumapili moja mama akamwomba akachukue kuni nje. Kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Akavuta blanketi la kwanza lililomjia mkononi, lile la nyuma ya mlango, akajifunika mpaka puani.

Akasimama katikati ya uwanja.

Ilikuwa ileile. Haikuwa mabaki ya siku ile ya mvua, ilikuwa mbichi, ya jana au ya leo asubuhi. Kichwani kwake picha zikaja moja moja: blanketi jekundu likidondosha maji barazani, mama akibana pini, kipara kinachonukia sabuni. Mama yake asingeweza kunusa hata zizi likiungua, maana ugoro ulishamziba pua tangu ujanani. Lakini yeye? Yeye mwenye pua yenye mdomo alinusa harufu, akamtazama mtu, na asiulize.

Alimkuta baba yake nyuma ya zizi la kondoo, ameketi juu ya jiwe, amenyoosha mguu mbovu, moshi ukimtoka puani. Mzee alijaribu kuificha ile sigara ya bangi mkononi mwake, ikamchoma.

"Ntate."

"Usimwambie mama yako."

"Tangu lini?"

"Tangu Welkom." Sauti ya mimbarani haikuwapo. "Mguu huu hauumi kama kidonda, mwanangu. Unawaka, kama mtu ameniwekea kaa ndani ya mfupa. Vidonge vya hospitali vilinitoboa tumbo. Hiki kinanipa saa za kulala. Halafu Jumapili nasimama mbele ya watu."

"Tefo alijua."

"Alijua. Alinitazama kama anayeniuliza, nifanyeje? Nikatazama zulia." Mzee alianza kulia bila kujificha. "Mwanamume mzima, Lisebo. Nikamwacha mtoto wa watu aingie mvuani kwa ajili yangu."

Lisebo alitaka kumkasirikia, akashindwa. Baba yake alikaa kimya tu. Yeye ndiye aliyefungua mdomo na kusema 'sikujua'.

Lisebo aliporudi chumbani kwake alipiga simu, ikaita muda mrefu.

"Nani?"

"Unamjua ni nani."

"Namba niliifuta," Tefo alisema. "Sauti imekataa kufutika."

"Lilikuwa blanketi la baba."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Nimeketi kwake, nimekula chakula chake, nimefunikwa na blanketi lake, nimwambie mbele ya dada yake kwamba ni yeye? Hata kulivua nisingeweza."

"Ungeniambia mimi."

"Nilipiga."

Lisebo alifunika uso kwa kiganja, ingawa alikuwa peke yake chumbani na cherehani.

"Tefo, nilikukana. Uongo ulikuwa wangu, nikakuvisha wewe mbele za watu. Naona haya mpaka nashindwa kula."

"Mimi harufu haikuniumiza, Lisebo. Harufu nimeizoea. Ni lile neno 'sikujua'. Ulilisema haraka sana."

"Nitalifuta. Pale pale, mbele ya wale wale."

Tefo alivuta pumzi. "Sawa. Lakini baba yako usimtaje. Aibu ya mzee si yetu kuigawa. Na mwambie aende kwa daktari aseme ukweli wote. Kifua cha mtu wa mgodini hakitaki moshi, hata ungekuwa moshi wa ubani."

"Bado unamhurumia?"

"Nakausha dawa za watu nisiowajua, mpenzi. Nitashindwaje kumhurumia ninayemjua?"

Ni muda mrefu tangu aitwe mpenzi. Lisebo alijikaza, asimlilie kwenye simu.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na mvua. Tefo alikuja na blanketi lake jekundu, kavu, pini begani. Nywele zilikuwa zimeanza kuota. Shangazi Mamosa, aliyeitwa makusudi, alipanga viti viwili vitupu kati yake na mgeni.

"Ameoga leo?" aliuliza.

Lisebo akasimama. Alivaa gauni alilolishona mwenyewe, la buluu.

"Shangazi, Mama, Ntate. Tefo hafanyi kazi ya maziwa. Anakausha bangi, bangi ya dawa, kwa kibali. Nilijua tangu siku ya kwanza. Maziwa niliyatunga mimi kwa sababu nilimwonea aibu, na mliponiuliza nikamtupia yeye. Mimi ndiye mwongo wa nyumba hii. Na siku ile hakunuka yeye."

Mama akaweka kopo la ugoro chini. Shangazi akakaza macho.

"Kama si yeye, alinuka nani?"

Lisebo alimwangalia Tefo, naye akatikisa kichwa kidogo tu.

"Hilo sitalisema, shangazi."

"Basi ni uongo mwingine."

Kiti kililia sakafuni. Ntate Moeketsi aliinuka, akaenda mpaka mlangoni bila fimbo, akilaumiwa na mguu kila hatua. Akatungua blanketi lake. Akalitupa mabegani juu ya suti ya kanisani, akarudi, akasimama mbele ya dada yake.

"Nusa."

"Moeketsi, una nini?"

"Nusa, Mamosa."

Shangazi alinusa. Akarekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kasoro yoyote.

"Na mahubiri yote yale," alisema hatimaye, taratibu.

"Na mahubiri yote yale," alijibu mzee. Kisha akamgeukia Tefo, machozi yakimteremka bila haya. "Mke wangu alidhani anakufunika wewe. Kumbe ulikuwa unanifunika mimi. Nisamehe, mwanangu. Jumapili ijayo nitawaambia na kanisani."

Tefo alikuwa ameshasimama, maana kijana haketi mzee akisimama. Akamshika mkono, akamkalisha polepole, akamnyooshea mguu juu ya kigoda.

"Ntate, kanisani utakwenda ukiwa tayari. Kesho twende kwanza kwa daktari. Nitakusindikiza. Huo moshi tuuzungumze." Akasita. "Na wajomba zangu wanauliza waje lini."

Wote wakamtazama shangazi, kwa sababu katika nyumba ile hakuna lililoamuliwa bila yeye. Naye akaondoa kiti kitupu cha kwanza, kisha cha pili, akavuta chake mpaka akamkaribia mgeni kabisa.

"Waje," alisema. "Ila hao ng'ombe wa mahari tutawahesabu wenyewe zizini. Wasije wakawa wale wa maziwa."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Lisebo naye alicheka, ameinamisha uso, maana haya ilikuwa bado haijamtoka, na Tefo akasogea kidogo kwenye kochi, akamwachia nafasi ya kukaa.