Chini ya Jipu la Crispus

Crispus, yule rafiki wa mwanangu, si mlevi wala mwongo. Ni mkaidi tu. Aliambiwa oili ya giaboksi ya jipu lake kuukuu la otomatiki imegeuka nyeusi kama masizi na inavuja, aibadilishe. Akajibu, "Ya nini? Si bado iko?"

Basi jioni moja, mwaka wa themanini na mbili, alikuwa akimtoa mama mkwe wake Wakesho huko Kasigau, ampeleke hospitali ya Voi. Kifua kilikuwa kimembana mama wa watu, kila pumzi inalia kama mlango wenye kutu. Katikati ya pori injini ikanguruma, lakini gari halikusogea hata shubiri.

"Ingia chini uangalie," Wakesho akasema.

"Mama, nitalalaje chali mbele yako?" Kwetu mkwe hafanyi hivyo.

"Adabu yako itaniua! Ingia, nimefumba macho."

Crispus akazima injini, akachukua tochi, akajipenyeza uvunguni. Harufu ya oili iliyoungua ikamkaba. Akapapasa giaboksi, akaikuta kavu. Lakini bado alisikia tone, tone, tone, na sauti ilikuwa ikimkaribia. Tochi ikamulika miguu mitupu ya kizee, imesimama pale pale pa kutokea.

"Mama, rudi ndani, utapigwa na baridi."

Juu yake kiti kikalia. "Niko ndani, baba," Wakesho akasema, akihema. "Macho bado nimeyafumba."

Ile miguu ilikuwa imeanza kukunja magoti.