Simu Sita za Zunilda

Ijumaa saa saba mchana, Barabara ya Jua pale Santiago haina pa kukanyaga. Wauza viatu wanaita wateja, spika za maduka zinashindana kwa muziki wa bachata, na magari ya abiria yanapiga honi kana kwamba honi ndiyo petroli. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Radhamés Ventura, shati lake jeupe la kitani limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, amezungukwa na wageni kumi na wawili kutoka Kanada. Mkononi ameinua sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa kwa mkono.

"Sigara nzuri utaijua kwa sikio," aliwaambia. "Isogeze hapa, uiminye kidogo. Ikilia kama majani makavu, hiyo ndiyo yenyewe."

"Ikilia ujue imekauka kama koo la mlevi," ikasema sauti ya kike nyuma yake.

Radhamés akageuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, gauni la rangi ya limau, na kichwa kizima kimejaa rola za nywele zilizofunikwa kwa wavu mweusi. Alizivaa rola hizo kama malkia anavyovaa taji. Akainyakua ile sigara bila kuomba, akaipapasa kwa vidole viwili toka ncha hadi ncha.

"Unatafuta pagumu na palipolegea. Pagumu hapapitishi moshi, palipolegea panaungua kombo. Masikio waachie watu wa redio."

Wageni hawakuelewa neno hata moja, lakini walicheka. Mmoja akasema jambo.

"Amesemaje?" akauliza mwanamke.

"Anauliza kama wewe ndiye bosi wangu."

"Mwambie bado."

Akarudisha sigara, akaondoka zake. Radhamés akawaacha Wakanada kwenye jua, akamkimbilia.

"Dada, subiri! Mkosoaji ana jina?"

"Eridania. Nasokota sigara kwenye karakana ya Don Fausto, mtaa wa Los Pepines. Meza ya mwisho, kando ya dirisha."

"Kwa Don Fausto? Zamani nilikuwa napeleka wageni pale."

"Basi hukufika meza ya mwisho. Na huko nyuma wageni wako wanayeyuka kama barafu, kaka. Nenda."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kazi ya Radhamés ilikuwa kuzungusha watalii kwa mafundi wa eneo zima la Cibao: Jumatatu kwa watengeneza chokoleti wa Macorís, Jumatano kwenye kahawa ya milima ya Jarabacoa, Alhamisi kwenye mapipa ya ramu kule Puerto Plata. Kila alikofika alimpigia simu jioni.

"Mpenzi, nanukia nini leo?"

"Ngoja nivute hewa." Upande wa pili Eridania alivuta pumzi kwa mbwembwe. "Kahawa."

"Umekosa."

"Ramu! Ninyi si mlisema mnaonja tu?"

"Mimi naonja. Wageni ndio wanakunywa."

"Rudi uje nikunuse mwenyewe, mwongo wewe."

Miezi mitatu ikapita, na Radhamés, mwanaume wa miaka thelathini na nane aliyezoea kuagana na watu kila wiki, akaanza kuulizia bei za vitanda vikubwa.

Jumapili moja ya Agosti walikaa kwenye ngazi za Mnara wa kumbukumbu ulio kilimani, mji wote chini yao, wanakula mahindi ya kuchoma. Simu ya Eridania ikaita. Akaruka kana kwamba ameumwa na siafu, mahindi yakaanguka, akapokea kabla ya mlio wa pili. Alikuwa mtu aliyekosea namba.

"Wewe na simu yako!" Radhamés akamtania. "Hata bafuni unaingia nayo."

Eridania hakucheka. Aliiweka simu mapajani, akaitazama.

"Mama alinipigia mara sita," akasema. "Mwaka juzi, Novemba, Jumamosi asubuhi. Alikuwa peke yake nyumbani Tamboril, kifua kimembana. Mara sita, Radha. Mimi nilikuwa mezani nasokota."

"Hukusikia?"

"Simu zetu zilikuwa zimekusanywa kwenye kasha la majani ya tumbaku. Siku hiyo kulikuwa na wageni, na mkuu wa zamu akatuambia wageni hawataki kuona watu wameinamia simu, wanaharibu picha. Niliitoa bila kubisha. Ningeweza kuificha kwenye aproni, wenzangu walificha. Mimi nikaitoa, kama mtoto mtiifu." "Nilipoipata saa sita, mama alikuwa ameshapoa. Daktari alisema angefikishwa saa moja mapema, angepona. Jirani ana gari, Radha. Ningepiga simu moja tu."

Radhamés alimkumbatia. "Si kosa lako, mpenzi. Wageni wenyewe walikuwa wa wapi?"

"Waswisi. Nawakumbuka kwa sababu mzee mmoja alizimia kwa harufu ya tumbaku, tukacheka. Hebu fikiria. Nilikuwa nacheka."

Radhamés akaiondoa mikono mgongoni mwake. Yule mzee wa Kiswisi, ni yeye Radhamés aliyempepea kwa kofia yake, nje mlangoni. Wageni wale walikuwa wake. Na maneno yale ya picha na simu yalikuwa yake pia. Alimnong'oneza Don Fausto mlangoni, huku anatabasamu, kama mtu anayeomba glasi ya maji.

Alimpeleka Eridania nyumbani, akambusu shavuni, na kesho yake hakupiga simu.

Wala keshokutwa. Alipopigiwa alisema yuko milimani, mtandao mbovu. Usingizi ulimkimbia na chakula kikamwia mchanga. Akiwa mbele ya wageni, akieleza jinsi kakao inavyochachushwa, alisahau sentensi katikati. Mwenye karakana ile ya chokoleti kule Macorís, Nereida, mjane mnene mcheshi aliyemfahamu kwa miaka kumi, akaliona hilo.

"Wewe una jambo," akamwambia. Na Ijumaa alipokuja Santiago kuleta mzigo wake wa chokoleti, akamkalisha kwenye mkahawa wa Barabara ya Jua. Radhamés akamweleza yote. Alipofika kwenye zile simu sita alilia waziwazi, na Nereida akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

Eridania aliwaona kupitia kioo.

Hakuingia kwa fujo. Aliingia polepole, visigino vikigonga sakafu kimoja kimoja, akasimama kando ya meza yao.

"Kumbe milimani siku hizi wana mkahawa."

"Eridania..."

"Mtandao je, unashika hapa? Au nao umeshikwa mikono?"

"Mwanangu, si unavyodhani," Nereida akaanza.

"Mama, mimi sijakuuliza wewe. Namuuliza huyu." Akamgeukia Radhamés. Macho yake yalikuwa makavu. "Jibu moja tu. Una mwanamke mwingine?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka mbele ya Radhamés, mlango mwepesi wa kutokea. Kuchukiwa kwa sababu ya mwanamke ni jambo la kila siku, mtu hulia wiki mbili akapona. Lile lingine hakujua mtu huponaje.

"Ndiyo," akasema.

Eridania aliitikia kwa kichwa mara moja, kama aliyepewa risiti. "Asante kwa kunijibu," akasema, akatoka.

Nereida alimwachia mkono Radhamés kana kwamba umemchafua.

"Mwoga wewe! Na mimi umenifanya nini? Umenivika uzinzi ili wewe usivae aibu yako!"

"Nimemuua mama yake, Nereida."

"Hukumuua mtu. Ulisema neno la kijinga bila kujua. Lakini hili la leo umelisema ukijua."

Maneno hayo yalimfuata wiki tatu. Alijiambia kwamba amemsitiri Eridania, kwamba ni wema. Asubuhi, akijitazama kwenye kioo akiwa na wembe mkononi, aliona kuwa aliyesitiriwa ni yeye. Eridania alikuwa bado analala na zile simu sita peke yake, na sasa ameongezewa na kuachwa.

Jumanne ya wiki ya nne, wafanyakazi wa Don Fausto wakitoka kazini, walimkuta amesimama kwenye mlango wa kijani wa karakana, shati halijapigwa pasi.

"Yule si msaliti wako?" mmoja akamwambia Eridania. "Nimmwagie maji?"

"Niachie mwenyewe." Akamkabili, vidole vyake vya kahawia kwa utomvu wa tumbaku vimeshika kiuno. "Amekufukuza yule mama?"

"Hakuna mama. Nilikudanganya. Nereida ni rafiki, nilikuwa namwungamia."

"Unaungama nini?"

"Wale Waswisi walikuwa wageni wangu. Mimi ndiye niliyemwambia Don Fausto zile simu zikusanywe. Nimejua tangu siku ile pale Mnarani. Nilinyamaza. Kisha nikasema nina mwanamke, kwa sababu niliona afadhali unichukie kwa hilo."

Wenzake waliokuwa wakicheka nyuma wakasogea karibu. Radhamés alingoja kofi, alilitaka.

"Jumapili asubuhi," Eridania akasema kwa sauti ndogo, "utakwenda Tamboril. Utamwambia baba. Mimi siwezi kulibeba na hili."

Baba yake, Don Bolívar Polanco, alikuwa mkaushaji wa tumbaku mstaafu, mwembamba, aliyenyooka kama nguzo ya banda. Aliwapokea barazani kwa kahawa nyeusi yenye sukari nyingi. Eridania alisimama mlangoni, mikono kifuani. Ukutani lilining'inia panga la mzee, na moyoni alijuta kumleta mtu huyu bila kuliondoa kwanza.

Radhamés hakukaa. Alisema yote kwa mpangilio, hakujipunguzia hata neno. "Mzee," akamalizia, "sikuja kuomba nisamehewe. Nimekuja ili ujue ni nani."

Don Bolívar aliweka kikombe chini. 

"Alikupigia mara sita wewe," akamwambia binti yake, bila kumtazama. "Mimi alinipigia kwanza."

"Nini?"

"Alinipigia kwanza. Nikaona jina lake. Nikakata."

"Baba, ulikuwa shambani. Uliniambia hakukuwa na mtandao."

"Nilikuwa kwenye uwanja wa majogoo. Jogoo wangu mwekundu alikuwa anapigana. Nikasema moyoni, ananiita nirudi nyumbani, kama kawaida yake. Nikazima." Mzee akafunika macho kwa kiganja. "Jogoo alishinda, yule mshenzi. Nilimchinja Jumatatu."

Eridania alipiga hatua moja mbele. "Miaka miwili! Miaka miwili nalala na simu kifuani kama hirizi, na wewe unaniangalia!"

"Kila nilipofungua mdomo nilikukuta umeshajilaumu. Lawama ilikuwa imepata pa kukaa, binti yangu. Nikaiacha ikae."

Eridania alishuka barazani, akatokomea barabarani, gauni lake likipeperuka kwenye vumbi. Wanaume wawili wakabaki. Baada ya muda Don Bolívar alimwelekeza Radhamés kiti kwa kidevu, naye akakaa.

Eridania alirudi baada ya saa nzima, macho yamevimba.

"Nyote wawili mnanichefua," akasema. Kisha akaingia jikoni, wakasikia sufuria zinagongana zaidi ya ilivyohitajika. Alipika ndizi akaziponda, akakaanga vitunguu na jibini, akaweka sahani tatu. Walikula hivyo hivyo, vichwa vimeinama. Mzee ndiye aliyeosha vyombo, jambo ambalo marehemu mkewe, Zunilda, hakupata kuliona maishani mwake.

Jioni Eridania alimsindikiza Radhamés hadi kona ya kanisa.

"Nilitaka kukuoa," Radhamés akasema. "Nataka bado. Najua leo si siku ya kusema hivyo."

"Si siku yake."

"Nitaacha. Usinijibu."

"Sijakusamehe, Radha. Nikikutazama naona lile kasha la majani." Akachora kwa ncha ya kiatu mchangani. "Lakini ulisema mwenyewe, hakuna aliyekukamata. Baba angeenda nalo kaburini. Umechelewa, na ulinidanganya, na umenitukanisha kwa wenzangu. Ila ulikuja." Akafuta alichochora. "Jumapili ijayo uje tena. Na huyo Nereida umlete, nimwombe radhi. Kidogo nimng'oe nywele."

Alikuja. Jumapili iliyofuata alikuja tena. Nereida alileta kilo mbili za chokoleti na akasimulia mambo mpaka Don Bolívar akacheka, akashtuka kujisikia anacheka. Kuna siku Eridania alipika na kuzungumza. Kuna siku alimwona Radhamés langoni akageuka, akaingia chumbani, na Radhamés akakaa na mzee mpaka saa ya basi, akarudi mjini bila kuagwa. Hakulalamika.

Novemba ikafika, na misa ya kumbukumbu ya mwaka wa pili. Kanisa la Tamboril lilijaa majirani, wanawake kwa nguo nyeupe na nyeusi. Kwenye benchi la mbele walisimama watatu: mzee, binti katikati, na mwongoza watalii aliyeazima tai.

Padri akaanza sala ya kuungama, kanisa zima likafuatisha. Walipofika pale, "nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana," watu waligonga vifua polepole kama wanavyogonga kila wiki, huku mawazo yako kwenye chakula cha mchana. Lakini wale watatu waligonga kwa nguvu kiasi kwamba watu wa benchi la nyuma walisikia. Don Bolívar alikuwa analia bila kujificha. Radhamés alikuwa ameuma mdomo.

Eridania akausikia mgongano wa ngumi zile kushoto na kulia kwake, akagundua kuwa ya kwake ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Akaifungua. Kwa mkono wa kushoto akaushika wa baba yake. Kwa wa kulia akaushika wa Radhamés, akaubana, na bila kugeuza uso kutoka altareni akanong'ona:

"Lile la kunioa, niulize leo."

"Hapa? Katikati ya misa?"

"Uliza, kabla sijaghairi."

Akamuuliza. Padri alikuwa ameshaendelea na sala nyingine, na jibu la Eridania hakulisikia mtu mwingine isipokuwa baba yake, ambaye alitoa leso, akajifuta uso, kisha akampitishia mkwe wake.